Kuhama na Kuhamia: Swali la Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Mjini Goma

Kiswahili kina vitenzi viwili vyenye shina moja, kuhama na kuhamia, na tofauti kati yake, ijapokuwa imebebwa na irabu moja tu, ndiyo itakayoongoza uchunguzi huu. Anayehama hutambulika kwa mahali anapopaacha, ilhali anayehamia hutambulika kwa mahali anapopaendea, kwa sababu kiambishi ambacho wanasarufi hukiita cha kutendea hukilazimisha kitenzi kutaja shabaha yake. Mtu aweza kuhama bila kujua aendako, lakini hawezi kuhamia bila kuwa na mahali pa kupataja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ambaye hana furaha mahali alipo, je, huzuni yake yatosha kuwa sababu ya kuhama, au yampasa kwanza aweze kusema anahamia wapi na kwa ajili gani? Swali hili laonekana kuwa la ofisi ya usajili, lakini ndani yake mna maswali makongwe ya dini na falsafa: iwapo hisia ni shahidi wa kuaminika, iwapo uvumilivu ni fadhila kila mahali, na ni nani mwenye haki ya kuamua juu ya maisha yaliyogharimiwa na watu wengi.

Mjini Goma swali hilo lina sura yake ya pekee. Mji huo una chuo kikuu cha serikali, yaani Chuo Kikuu cha Goma kinachojulikana kwa kifupi kama UNIGOM. Una Chuo Kikuu Huria cha Nchi za Maziwa Makuu, au ULPGL, kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1985. Una taasisi za juu za ualimu, biashara na informatiki, pamoja na vyuo vya Kikatoliki na vya watu binafsi. Mwenye diploma ya leta, yaani cheti cha mtihani wa taifa unaofunga masomo ya sekondari, huja kutoka Masisi, Rutshuru, Walikale au Lubero, akaingia katika ukumbi wa mihadhara wenye mamia ya wenzake asiowajua, akifundishwa kwa Kifaransa cha vitabu ilhali mawazo yake hutembea kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji chake. Baada ya miezi michache huanza kuwaza Bukavu, ambako meli hufika kwa kuvuka Ziwa Kivu, au Butembo, au Kisangani, au Kinshasa. Hata mfumo wa masomo humruhusu kuwaza hivyo, kwa kuwa LMD, yaani mpangilio wa lisansi, masta na doktora ulioanza kuenezwa nchini katika mwaka wa masomo wa 2021-2022, huyapima masomo kwa krediti, 60 kwa mwaka na 180 kwa lisansi nzima, na kinadharia krediti ni mali ambayo mwanafunzi aweza kuibeba kutoka chuo kimoja hadi kingine.

Hata hivyo, katika mji huu neno kuhama haliwezi kutumiwa kana kwamba halina historia. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji na watu wakakimbia; mlima ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, siku chache baadaye wakuu wa mji waliamuru wakazi wa mitaa kadhaa waondoke, na misururu ya watu ikaelekea Sake, Gisenyi na bandarini. Mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipotwaliwa na waasi wa M23, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua. Kwa wakazi wengi, basi, kuondoka mahali kumekuwa zaidi tendo la kukimbia au la kuhamishwa kuliko la kuchagua. Elimu ya juu yenyewe iliwahi kuonja jambo hilo: mwezi Agosti 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu, kikiwamo Lovanium cha Kinshasa kilichofunguliwa mwaka 1954, vikawa chuo kimoja cha taifa kilichodumu hadi 1981, na vitivo vikagawanywa kati ya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, hata aliyekuwa akisoma lugha na fasihi mjini Kinshasa akajikuta amepelekwa Lubumbashi. Wanafunzi wale hawakuulizwa. Kuuliza leo iwapo mwanafunzi ahame au asihame ni kukiri kwamba, katikati ya mambo mengi yasiyomtii, bado kuna moja linaloweza kuamuliwa naye, na kwa sababu hiyo uamuzi huo wastahili kupimwa kwa uzito zaidi kuliko katika nchi ambako watu huhama bila shida.

Kipimo cha kwanza ni hisia yenyewe. Kiswahili huita ukiwa ile hali ya mtu aliyeachwa peke yake, na neno hilo hutumika kwa mtu na kwa mahali pia, kwa kuwa nyumba iliyoachwa na wenyewe husemwa kuwa i katika ukiwa. Mwanafunzi mgeni yumo katika ukiwa wa namna zote mbili: yeye ameachwa, na mahali alipo hapajamjaa bado. Mtawa Evagrius wa Ponto, aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliichunguza hali iliyo karibu sana na hiyo akiiita kwa Kigiriki akedia. Neno hilo baadaye lilitafsiriwa kuwa uvivu, lakini tafsiri hiyo inapunguza, kwa maana akedia ni uchovu wa roho unaomfanya mtu ashindwe kukaa na alichokichagua. Evagrius aeleza jinsi mtawa aliyepatwa na hali hiyo anavyoona jua kama limesimama, anavyochungulia dirishani kila mara kupima kama saa ya chakula imekaribia, anavyoanza kupachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, anavyoamini kwamba upendo umetoweka kati ya ndugu zake, na hatimaye anavyowaza mahali pengine ambapo riziki ingepatikana kwa wepesi zaidi. Uhodari wa fikra hiyo, kwa mujibu wa Evagrius, ni kwamba huazima maneno ya kweli: humwambia mtawa kuwa Mungu aweza kupendezwa naye popote, jambo ambalo hakuna Mkristo awezaye kulikanusha.

Fundisho la Evagrius si kwamba kila atamaniye kuondoka amedanganywa. Fundisho ni kwamba huzuni, ikiachiwa kusema peke yake, hugeuza kila upungufu kuwa kosa la mahali. Mwanafunzi aliyeshindwa somo la hisabati husema chuo ni kibaya. Aliyekosa marafiki husema watu wa mji huu wana kiburi. Aliyechagua kitivo kwa kumfuata binamu yake husema walimu hawafundishi. Kila moja laweza kuwa kweli, lakini ukiwa hauwezi kupambanua lipi ni lipi, kwa sababu kazi yake ni kuarifu kwamba kuna kitu kinachokosekana, nayo haifiki mpaka wa kutaja ni kitu gani. Kwa lugha ya mahakama, huzuni ni shahidi aliyesikia kelele usiku, hajamwona mwizi.

Kanuni iliyo mashuhuri zaidi kuhusu jambo hili ni ya Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa mwaka 1548. Ignatius hutofautisha faraja, yaani hali ambamo moyo huvutwa kuelekea imani, tumaini na upendo, na ukiwa, ambamo moyo huwa mkavu, mzito na wenye kutangatanga. Kanuni yake ni kwamba wakati wa ukiwa mtu asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa katika faraja. Wengi huishia hapo na kuifanya kanuni hiyo kuwa wito wa kuvumilia tu, lakini kanuni inayofuata yaibadilisha maana yake, kwa kuwa yamtaka mtu, ingawa habadili azimio lake, ajibadili yeye mwenyewe kwa nguvu dhidi ya ukiwa: azidishe sala, ajichunguze zaidi, aongeze juhudi kwa kiasi kinachofaa. Kwa mwanafunzi wa Goma hilo lina maana ya mambo ya kawaida kabisa, kama vile kujiunga na kwaya ya parokia au halaka ya msikiti, kutafuta wenzake wawili wa kusoma nao jioni umeme unapokuwapo, na kumwendea mwalimu msaidizi kumwambia asichokielewa. Ukiwa ukidumu baada ya hayo, ushahidi wake umepata nguvu ambayo haukuwa nayo mwanzoni.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba mwandishi wa kanuni hiyo alikuwa yeye mwenyewe mwanafunzi aliyebadili vyuo. Alianza Kilatini mjini Barcelona akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini, akakaa darasani na watoto. Mwaka 1526 akaenda Alcalá, ambako alichunguzwa juu ya imani yake na kutiwa gerezani. Mwaka 1527 akahamia Salamanca, akafungwa tena. Na mwaka 1528 akawasili Paris, ambako, kwa kutambua kwamba alikuwa amesoma kwa pupa na msingi wake ulikuwa dhaifu, alirudi nyuma akajifunza Kilatini upya pamoja na vijana wadogo kabla ya kupata shahada ya umahiri mwaka 1535. Kwa mtazamo wa juujuu maisha yake yaipinga kanuni yake. Lakini tukiuliza kwa kitenzi chetu, yaonekana hayapingani: alipoondoka Salamanca alikuwa amewekewa masharti yaliyomzuia kufanya kile alichokuwa anasomea, yaani kuwasaidia watu katika mambo ya roho, na akaenda mahali ambapo lengo lile lile liliweza kuendelea. Mji ulibadilika na azimio halikubadilika. Huyo ndiye aliyehamia, kwa maana kamili ya kiambishi.

Kutoka hapo lazuka swali la muda: mtu apewe muda gani wa kujua? Benedikto wa Nursia, aliyeandika Kanuni yake ya kitawa katika karne ya 6, anajulikana kuwa mwalimu wa stabilitas, yaani nadhiri ya kudumu katika nyumba moja, na aliwakemea vikali watawa watangatangao waliokaa siku tatu au nne katika kila monasteri. Hata hivyo sura ya 58 ya Kanuni hiyo yaweka kabla ya nadhiri kipindi cha miezi kumi na miwili, kikigawanywa kwa miezi miwili, kisha sita, kisha minne, na kila kipande kikimalizika mnovisi, yaani anayeomba kuwa mtawa, husomewa Kanuni yote, na mara ya kwanza huambiwa kwamba akiweza kuishika aingie, na asipoweza yuko huru kwenda zake. Yaani mtu yule yule aliyeuthamini udumifu kuliko wote alitangulia kuweka mwaka mzima ambamo kuondoka si aibu. Mwaka wa kwanza wa chuo waweza kueleweka kwa mfano huo: si rehema tu bali ni busara kuutazama kama unovisi, ambao una urefu wa kutosha kumfanya mtu aone masika na kiangazi cha mahali, na una mwisho unaojulikana. Aondokaye wiki ya tatu ameujua mlango tu, na methali yasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aondokaye baada ya mwaka ameingia ndani, na asemalo laweza kusikilizwa. Mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, aliishi ujanani kama mtawa wa Kibenedikto huko Gihindamuyaga nchini Rwanda kabla ya kuyaacha maisha hayo na kuelekea chuo kikuu. Na hakuna asomaye maandishi yake awezaye kusema kwamba nidhamu aliyoipata kwa watawa ilibaki nyuma pamoja na joho.

Uislamu, ambao pamoja na Kiswahili ulifika mashariki mwa Kongo kwa njia ya misafara na kukita mizizi hasa Maniema, una zana nyingine ya kukabili swali hili, nayo ni istikhara. Istikhara ni sala ya rakaa mbili ikifuatwa na dua ambamo mja humwomba Mungu amrahisishie jambo analolikusudia likiwa lina heri kwa dini yake, maisha yake na mwisho wake, na amwepushe nalo likiwa na shari, kisha amjaalie heri popote ilipo na amfanye aridhike nayo. Wapo wanaoidhania kuwa ni njia ya kuagua, wakisubiri ndoto itakayowaonyesha jina la chuo, lakini maneno ya dua yenyewe hayaahidi ndoto. Mambo mawili yaonekana ndani yake. La kwanza ni kwamba mja huja na jambo mahususi la kulitaja, hivyo ambaye hajui anataka kuhamia wapi bado hajafika mahali pa kuomba istikhara. La pili ni kwamba ombi la mwisho ni la kuridhika, jambo linaloonyesha kwamba kuridhika hakuletwi na mahali peke yake, bali ni kitu kinachoombwa sawa na riziki.

Dhidi ya mapokeo haya mtu wa leo aweza kuleta hoja nzito. Mwanafalsafa wa Marekani L. A. Paul, katika kitabu alichokitoa mwaka 2014 kuhusu matukio yanayombadilisha mtu, adai kwamba baadhi ya uchaguzi hauwezi kupimwa mapema, kwa sababu mtu hawezi kujua maisha mapya yatakuwa na ladha gani kwake mpaka atakapokuwa ameyaishi na kugeuzwa nayo. Kwa hoja hiyo, mwanafunzi anayelinganisha Goma na Kisangani analinganisha huzuni anayoijua na furaha anayoiwazia, na mizani yenye jiwe upande mmoja na moshi upande wa pili haipimi kitu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mtu anayeamua peke yake chumbani. Lakini maarifa ya maisha hayakai ndani ya mtu mmoja. Binamu anayesoma Kisangani, jirani aliyerudi kutoka Bukavu, padri au mchungaji aliyepitia vyuo viwili, hao wote wamekwisha kuishi kile ambacho mwenye swali anakiwazia, nao hawawezi kumpa hisia zao ila waweza kumsahihisha. Ignatius mwenyewe alishauri njia ya aina hiyo: mtu awaze kwamba amejiwa na mgeni asiyemjua, mwenye shida ile ile, kisha achunguze angempa ushauri gani, na ushauri huo aufuate yeye.

Yapo, hata hivyo, mazingira ambamo kanuni ya kutobadili uamuzi wakati wa ukiwa haina mamlaka, na kuitumia humo ni kuwadhulumu waliokwisha kudhulumiwa. Msichana anayeambiwa na mwalimu kwamba alama zake zitategemea mwili wake, mwanafunzi anayetishwa kwa sababu ya kabila lake, au yule ambaye njia ya kwenda chuoni imekuwa njia ya risasi, hao hawako katika akedia, na huzuni yao si shahidi aliyesikia kelele bali ni shahidi aliyemwona mwizi uso kwa uso. Kwao kuhama kunatosha bila kuhamia, kwa kuwa uovu wa mahali wanapopaacha ni sababu kamili. Injili ya Mathayo yasimulia kwamba Yesu aliwaagiza wanafunzi wake watakapoudhiwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine, na katika sura ya An-Nisaa ya Kurani wanalaumiwa wale waliojiacha katika dhuluma ilhali ardhi ya Mungu ilikuwa pana kiasi cha kuwawezesha kuhama. Methali kwamba mvumilivu hula mbivu yachukulia kwamba mti anaoungojea ni wa matunda. Haikutungwa kwa ajili ya anayekaa chini ya mti wa sumu.

Kwa walio nje ya mazingira hayo labaki swali la familia, ambalo Goma haliwezi kurukwa. Ada ya masomo mara nyingi haitoki mfukoni mwa mtu mmoja: baba ameuza ng'ombe Masisi, mama ameweka akiba ya biashara yake ya unga au maharage, kaka mkubwa ameahirisha mahari yake, na shangazi ametoa chumba cha kulala. Kuhama baada ya gharama hizo huonekana kama kuzitupa. Hapa yafaa kutofautisha deni na rehani. Deni ni wajibu wa kurudisha, ambao mwenye nao hubaki mtu huru. Rehani ni kitu kinachoshikwa mpaka deni lilipwe. Mwanafunzi anadaiwa na jamaa zake, lakini hajawekwa rehani kwao. Deni lake la kwanza ni ukweli, yaani kuwaeleza wazazi na wakubwa mapema, kwa heshima na kwa hesabu iliyo wazi, ni krediti zipi zitakazotambuliwa na chuo kipya na zipi zitakazopotea, ni nauli kiasi gani na nani atampokea huko, badala ya kuwafanya wasikie habari kutoka kwa majirani mwaka ukiwa umekwisha. Na jamaa, kwa upande wao, wanadaiwa usikivu, kwa maana fedha iliyokwisha kutumika hairudi kwa mtoto kulazimishwa kumaliza miaka mitatu katika kitivo ambacho hakuwahi kukichagua.

Labaki kundi kubwa kuliko yote, ambalo vitabu vya maamuzi hulisahau: wale waliokwisha kupima yote haya, wakawa na mahali pa kuhamia na sababu nzuri, lakini njia imefungwa, fedha zimekwama, au cheti kinachohitajika kimeungua kijijini pamoja na nyumba. Je, utambuzi wote huu si anasa ya wenye nauli? Jibu limo tena katika vitenzi. Kiswahili husema kubaki kwa kitu kilichosalia baada ya vingine kuondoka, kama maji yanavyobaki mtungini, na husema kukaa kwa mtu aliyepafanya mahali kuwa pake, hata mwenyeji huitwa mkazi. Asiyeweza kuhamia aweza bado kutoka katika kubaki na kuingia katika kukaa, akiyafanya yale ambayo kanuni ya Ignatius ilimtaka ayafanye tangu mwanzo. Na hilo halimwondolei haki ya kudai barabara ifunguliwe, wala halifanyi kufungwa kwake kuwa mapenzi ya Mungu. Na atakayekaa kwa namna hiyo, siku njia itakapofunguka, atakuwa na uwezo wa kuamua ambao hakuwa nao alipokuwa amebaki tu, kwa sababu akiondoka ataondoka akijua anachokiacha, na asipoondoka hakuna atakayeweza kusema kwamba ni nauli iliyomwamulia.